Ndugu Mhariri, samaki wa kwenye ile picha yenu hawawezi kuishi pamoja

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, naanzaga kurasa za nyuma michezo kwanza alafu ndo narudi mbele, na Jumamosi iliyopita wakati narudi mbele nikakutana na ile makala ya kupendezesha sebule ndogo, ile yenye picha ya tangi la samaki juu ya kabati la tivii. Makala ni nzuri sijakataa. Ila ile picha imeninyima usingizi. Kwenye tangi ambalo kwa macho yangu halizidi futi mbili mmeonyesha goldfishi wawili, oska mmoja bado mdogo, kikundi cha neoni na yule samaki mweusi wa kunyonya kioo, na chini yake mmeandika kwamba ni pambo lisilo na usumbufu, unalisha mara moja kwa siku basi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na naomba msinikate sana, kwasababu tangi la hivyo hivyo, samaki karibu wote hao hao, lilikuwepo sebuleni kwangu Nyakato hapa Mwanza miaka mitatu iliyopita na najua lilivyoisha.

Tangi langu alinitengenezea fundi wa vioo na aluminiamu, urefu sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Ukizidisha unapata lita 54, alafu toa mchanga, toa mawe, toa ile nafasi ya juu usiyojaza, maji yenyewe hayafiki 50. Yaani ndoo mbili na nusu. Watu wengi wakiliangalia tangi limewaka taa wanaona kitu kikubwa kwasababu kioo kinakuza, lakini ukweli ni ndoo mbili na nusu, na samaki wote uliowaweka wanakula humo, wanakunya humo, wanalala humo, na wakigombana hamna pa kukimbilia zaidi ya sentimita 60. Mi hii hesabu nilikuja kuipiga baadae wakati samaki walishakufa.

Siku ya kununua tulienda na binti yangu, alikuwa darasa la tatu, ndo alikuwa kaniomba hayo mapambo baada ya kushika nafasi ya pili. Duka silitaji. Kijana wa pale alikuwa na adabu zake, shikamoo, karibu mzee, akatuwekea na kiti. Swali aliloniuliza lilikuwa moja tu, mzee unapenda rangi gani. Hakuniuliza tangi lina lita ngapi, hakuniuliza limeanza lini, hakuniuliza humo ndani kuna nani. Na mimi nikajibu rangi. Binti akachagua wa dhahabu wawili, neoni sita kwasababu wana ule mstari wa bluu unaowaka, oska mmoja saizi ya kidole gumba mwenye madoa ya kama moto, na kijana akatuongezea yule mnyonya kioo akasema huyu ni msafishaji mzee, huyu ukiwa naye hupati shida ya kuosha. Nikamuuliza wote hawa wanakaa pamoja? akanionyesha kwa kidole tangi lake, mbona hapa dukani wanakaa mzee.

Hilo jibu ndo linalodanganya watu wengi, na wala sidhani kama yule kijana alikuwa na nia mbaya. Dukani wanakaa pamoja kwasababu wote ni watoto. Oska wa sentimita 4 mdomo wake haumeze kitu. Na wanakaa siku nne tano wanauzwa, hawafikii kujuana. Unachonunua ni mtoto, unayeenda kuishi naye ni mtu mzima, na huyo mtu mzima dukani hujamuona.

Tulivyofika nyumbani tukajaza maji ya bomba, tukawasha filta, jioni hiyo hiyo samaki ndani. Binti kila asubuhi kabla ya shule anawahesabu. Kwa wiki kama tatu hivi hesabu ilikuwa inatimia, oska anakula kuliko wote na anakua mpaka unaona kwa macho. Alafu asubuhi moja, baba neoni wako watano. Nikamwambia wamejificha kwenye majani mama, we nenda utachelewa. Kesho yake wanne. Mi nikaanza kukagua sakafuni nikijua wanaruka, hamna. Usiku mmoja nimeamka kunywa maji nikawasha taa ghafla, nikaona. Oska kasimama katikati ya tangi ametulia tuli, mdomoni mkia umetoka nje, na ule mstari wa bluu wa neoni bado unawaka kabisa, unachezacheza kidogo. Oska anafunga mdomo taratibu, anafungua, anafunga, mpaka mkia ukaisha. Nilizima taa nikarudi kitandani sikulala.

Goldfishi nao walikuwa na yao. Mmoja ubavu ulianza kuwa na baka jeupe, magamba yametoka kama umekwangua kwa kucha. Nikadhani ugonjwa, nikanunua dawa, kumbe yule msafishaji usiku akishamaliza kioo anahamia ubavuni kwa goldfishi kwasababu goldfishi ni mzito, mpole, mwili wake mpana na una ute, basi anamnyonya ule ute mpaka kidonda. Alafu Jumapili moja umeme ukakatika asubuhi tukaenda kanisani na kwa shangazi, tumerudi jioni maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele na goldfishi wote wawili wamelala upande juu ya maji, mashavu yanafunguka mara moja moja. Walikufa usiku huo. Oska hakufa. Nilimpeleka kwa mzee mmoja mwenye tangi kubwa sana na mpaka leo yuko kwake, amekuwa mpana kuzidi kiganja changu kwa mbali. Binti hakulia, aliniuliza tu, baba sasa yule kaka wa dukani mbona hakutuambia?

Mhariri hilo swali ndo nimekuja nalo kwenu, maana safari hii ni gazeti ambalo halijawaambia watu.

Mzee wangu alikuwa mvuvi upande wa Igombe, amevua tangu ujana wake. Nilivyomsimulia hakucheka. Akasema, mwanangu umemtia sangara na furu kwenye karai moja, ulitegemea nini. Na kwa mtu wa Mwanza hapo maelezo yameisha. Wasomaji wa mikoa mingine niwakumbushe, sangara hakuwa samaki wa Ziwa Victoria, aliletwa miaka ya 1950, akakaa miaka bila kuonekana sana, alafu miaka ya 1980 akalipuka. Sangara anafika mita 2, anafika kilo 200. Furu ni hawa wadogo wa kujaa kiganjani, walikuwepo mamia ya aina ambazo hazipo popote pengine duniani, na wataalamu wanakadiria aina kama 200 zilitoweka. Sio sangara peke yake, na maji kuchafuka nako kulichangia, maana jike wa furu anachagua dume kwa rangi na kwenye maji ya ukungu rangi haionekani vizuri, basi anakosea, aina zinachanganyika zinapotea. Mzee anasema zamani ukivuta kokoro unapata furu wa kila rangi, wekundu, bluu, njano, wengine hata jina hawakuwapa. Kuna aina chache za furu wetu ambazo leo zinazalishwa kwenye matangi ya vioo Ulaya na Marekani. Sasa kama ziwa lenye kilomita za mraba elfu 68 limeshindwa kumficha furu asimezwe, neoni wako atajificha wapi kwenye sentimita 60?

Kwahiyo jambo la kwanza ni mdomo. Samaki karibu wote, hata wale wapole, kinachoingia mdomoni wanakimeza. Muuzaji akwambie huyu akikua anafika sentimita ngapi, sio leo yuko ngapi. Oska anafika 30, na kwa mwaka mmoja tu akilishwa vizuri anakaribia huko. Yule mnyonya kioo wa kawaida anafika 30 na kuendelea mpaka 40. Goldfishi hawa wa mkia mmoja nao wanafika 30, wale wa mviringo wenye mikia ya shela wanafika 15 mpaka 20, na goldfishi anatakiwa aishi miaka 10 au zaidi, kwahiyo mtu anayesema goldfishi wangu aliishi miezi sita vizuri tu, hapana ndugu yangu, alikufa mtoto. Na kuna kanuni moja watu wanaipenda, eti sentimita moja ya samaki kwa lita moja ya maji. Ukiifata hiyo, oska mmoja wa sentimita 30 ni sawa na neoni kumi wa sentimita 3. Sio sawa hata kidogo. Samaki akirefuka mara kumi ananenepa mara kumi na anapanda kimo mara kumi, yaani uzito ni kama mara elfu. Oska mmoja mkubwa anakula na kuchafua kama kundi zima ambalo hata kwenye tangi lako halienei.

Huo uchafu ndo jambo ambalo halionekani kwenye picha. Kinyesi na chakula kilichobaki vinatoa amonia, na amonia ni sumu inayounguza mashavu ya samaki. Kuna bakteria wanaoota kwenye filta na kwenye mchanga, wapo wanaoigeuza amonia kuwa nitriti ambayo nayo ni sumu, na wapo wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati ambayo ni nafuu, hiyo unaipunguza kwa kubadilisha maji kidogo kila wiki. Tangi jipya halina hao bakteria. Wanachukua wiki 4 mpaka 6 kujaa. Mi niliweka samaki wote siku ya kwanza, tena kwenye maji ya bomba yenye klorini ambayo sikuyaacha hata usiku mmoja yapumue. Na filta nilikuwa naiosha kwa maji ya bomba mpaka inang'aa, kumbe kila nikiosha naua wale bakteria nianze upya. Sponji ya filta inakamuliwa kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa humo humo tangini, basi, ibaki na rangi yake.

Na umeme. Hili vitabu vya Ulaya havitilii mkazo lakini sisi tunalijua. Umeme ukikatika filta imesimama, pampu ya hewa imesimama, na maji ya joto yanabeba hewa kidogo kuliko maji ya baridi, sasa kama umejaza samaki wengi wakubwa masaa sita ni mengi sana. Kwahiyo mtu wa huku kwetu akichagua wa kuishi pamoja ajiulize na hilo, hawa wote kwa pamoja wanaweza kukaa masaa mangapi bila pampu. Tangi lenye samaki wachache wadogo linavumilia siku. Na kuna samaki kama beta ambaye ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu kabisa, utamuona anapanda anachukua pumzi anashuka, yeye umeme ukikatika hana habari sana.

Lakini beta ana habari nyingine. Asili yake Thailand na nchi za jirani, watu walimfuga kwa ajili ya kupiganisha, madume wawili hata kwenye tangi kubwa mmoja anakufa. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba beta hamchukii beta mwenzie tu, anachukia mapezi marefu yenye rangi. Ukimuweka na gapi madume wenye mikia ya kupepea anawaona ni beta, anawachana. Jirani yangu alifanya hivyo, asubuhi gapi wote mikia kama mabua. Na kuna upande wa pili, ukimuweka beta na wale wadogo wa njano wenye mistari myeusi ya kusimama, taiga babi, basi hao ndo wanamchana yeye, kwasababu taiga babi wakiwa wachache ni wachokozi balaa, wawili watatu hawana kazi isipokuwa kung'ata mapezi ya wengine. Wakiwa wanane kumi wanasumbuana wenyewe kwa wenyewe na wanawaacha majirani, ila kumi hao ndoo zako mbili na nusu zinakuwa zimeshakuwa finyu.

Sasa hapo ndo kuna kitu ambacho mimi nimekielewa taratibu, kwamba samaki wa kundi ukimuweka peke yake au wawili unamuharibu. Neoni wawili wanakaa kona wamepauka, hawali. Neoni kumi wanatembea kama kitambaa kimoja. Watu wanaingia dukani wanataka wawili wa hivi wawili wa vile wawili wa vile, kama safina ya Nuhu, ndo maana tangi linakuwa la watu kumi wasiojuana. Kwa lita 54 chagua familia moja, ikizidi sana mbili, moja ya kuogelea katikati na moja ya chini. Neoni wanane mpaka kumi na kambare wadogo sita wa kunusa mchanga, wale koridora, hao wote ni wa mito ya Amerika Kusini, maji yao ni laini, yaani hayana madini mengi, ugomvi hamna, na mchanga uwe laini kwasababu koridora wana ndevu zinazochubuka kwenye kokoto kali. Au gapi madume watupu sita nane na konokono, na nasema madume watupu kwasababu jike mmoja anazaa kila baada ya wiki nne hivi, watoto ishirini thelathini, na akishapandwa mara moja anatunza mbegu anazaa miezi kadhaa bila dume. Au beta mmoja bwana wa nyumba na koridora wake. Mi ukiniuliza hayo matatu yanatosha kwa anayeanza.

Maji nayo yana kabila lake. Neoni anataka maji laini yenye uchachu kidogo, samaki wa Ziwa Tanganyika anataka maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (ile namba ya kupimia uchachu, ikipanda uchachu unapungua) inayokaribia 9, hao wawili huwezi kuwapatanisha kwenye tangi moja hata wapendane vipi, mmoja wapo ataishi kwa kuteseka. Ukiona muuzaji anauza neoni na samaki wa Tanganyika kwenye tangi moja, muulize maji haya ni ya nani.

Na hapa Mhariri ndo nataka kusema kitu ambacho kinaniuma na kinanifurahisha kwa pamoja. Tumekuwa tunanunua samaki wa China na wa Amazon wakati watu wa nje wanatafuta samaki wa kwetu. Ziwa Tanganyika, la pili kwa kina duniani, mita 1,470, lina aina kama 250 za samaki wa jamii ya sato na furu, karibu zote haziko kwingine. Wazungu wanawajua kwa majina mpaka na kijiji walikotoka. Na kati yao kuna wale wadogo wanaoishi ndani ya maganda ya konokono. Mdogo kuliko wote anatoka upande wa kusini wa ziwa, jina lake la kitaalamu Neolamprologus multifasciatus, wafugaji wanamuita multi tu. Dume sentimita 4 na kidogo, jike kama 3. Huyu ndo samaki wa ndoo mbili na nusu.

Niliwapata kwa mfugaji wa Dar aliyewazalisha mwenyewe, dume mmoja majike watatu, wakaja na basi ndani ya mfuko wa oksijeni kwenye boksi. Kabla hawajaja nilikaa mwezi na nusu na tangi lina maji tu na filta inazunguka. Maji yetu ya hapa ni laini kuliko ya Tanganyika, kwahiyo niliweka mawe ya chokaa, na jiwe la chokaa unalijua kwa siki, ukidondosha tone linatoa povu, jiwe lisilotoa povu sio lenyewe. Alafu mchanga laini sentimita tano, na maganda matupu ya konokono kama kumi na tano niliyoyachemsha, mengi kuliko samaki, maana kila mmoja anataka nyumba yake na ya kukimbilia. Hakuna mwingine ndani. Binti alisema baba mbona tangi tupu.

Siku ya tatu hakusema tena tupu. Alivuta kigoda akakaa. Samaki urefu wa pingili mbili za kidole anajaza mdomo mchanga, mashavu yanatuna, anaogelea mpaka mpakani kwake anautema, anarudi, anajaza tena, siku nzima, mpaka ganda limezama lote mchangani limebaki tundu tu. Kichwa cha jike kinachungulia pale tunduni, jicho lina duara la bluu, ukisogeza kidole kwenye kioo anazama ndani kwa kinyumenyume bila hata kugeuka. Jirani akipitisha pua mpakani anafukuzwa sentimita tano, basi, hakuna aliyewahi kujeruhiwa. Baada ya miezi kama miwili binti aliniita, baba njoo ila usikanyage kwa nguvu, kwenye mdomo wa ganda kulikuwa na vitu kama nyuzi vina macho. Watoto. Na wakubwa hawakuwala, na watoto walivyokua hawakufukuzwa, wakachagua maganda yao pembeni ya mama. Leo wako zaidi ya ishirini, kaya tatu, ninawagawia watu. Umeme ukikatika wanakaa vizuri kwasababu wote kwa pamoja hawafiki uzito wa yule oska.

Sio kila wa Tanganyika ni wa tangi dogo jamani, mtu asije akasoma hapa akaenda kununua frontosa, yule mwenye kichwa cha nundu na mistari, anafika sentimita 30 na usiku kazi yake ni kukusanya samaki wadogo waliolala. Na mbuna wa Ziwa Nyasa, wale wa njano na bluu wanaong'aa kama wa baharini, wanauzwa sana siku hizi, nao ni wakorofi, wanahitaji tangi refu na mawe mengi na wawe wengi ugomvi ugawanyike. Mbuna wanne kwenye futi mbili, baada ya miezi sita unabaki na mmoja.

Wa pwani pia mna wa kwenu. Unguja kuna samaki mdogo wa madimbwi ya mvua, Nothobranchius guentheri, hayupo kwingine kwa asili, dume ana mkia mwekundu unaoshinda samaki wote wa dukani, sentimita 5 tu. Dimbwi likikauka yeye anakufa lakini mayai yanabaki hai kwenye tope mpaka mvua nyingine. Dume mmoja majike watatu wanatosha tangi dogo, ila ujue maisha yake ni kama mwaka, umueleze mtoto mapema.

Ninachoomba kwa wenye maduka ni karatasi. Kwenye kila tangi wabandike karatasi, akikua anafika ngapi, maji gani, akae na wangapi, asikae na nani. Maneno hayo hayazidi mstari mmoja. Mi nimeshaandika za duka moja hapa mtaani kwa mkono wangu kwa kalamu ya maka na mwenye duka kazibandika, na anasema wateja wanarudi zaidi kwasababu samaki hawafi. Na kwa aliyeshakosea kama mimi, akawa na oska au mnyonya kioo aliyemzidi nguvu, tafadhali usiende kummwaga mto Mirongo wala ziwani. Mpeleke kwa mwenye tangi kubwa, rudisha dukani hata bure. Sangara naye alimwagwa tu.

Kwenu gazetini, naomba toleo lijalo msahihishe maneno ya chini ya ile picha. Na kama lile tangi ni la mtu wa hapo ofisini au mnamjua mwenyewe, mpigieni leo msisubiri barua hii itoke, oska atolewe humo leo. Kwenye picha nimehesabu neoni wanane, huenda bado wapo.

Wenu,
Baba Neema
Nyakato, Mwanza